Jiko la Mama Nyuma ya Kituo cha Mafuta

Kazi ya kulinda mafuta yasimwagike nilipewa kwa sababu ya mdomo. Sitanii. Kituo chetu cha mafuta kilikuwa pale Dagoretti Corner, na wengi wa wenzangu walikuwa wavulana wenye vifua na mikono ya kutosha. Siku moja jamaa fulani akasimamisha pikapu kwenye pampu, akashusha kioo, akatoa sigara na kiberiti huku mwenzangu akimtilia petroli. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja nikitia watu upepo kwenye magurudumu. Nilipiga ukelele ambao, nasikia, uliwafanya abiria waliokuwa stejini ng'ambo ya barabara wainame. Yule jamaa alimeza sigara. Sawa, hakuimeza, lakini iliingia mdomoni yote. Meneja akatoka ofisini mbio akidhani tumevamiwa, na alipoelewa mambo yalivyokuwa akanitazama kidogo, akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye mtu wa usalama."

Hiyo ilikuwa miaka ile magari ya abiria, matatu, yalipolazimishwa kuchorwa mstari wa manjano na abiria wakaambiwa wafunge mikanda. Ghafla kila mtu Nairobi alikuwa anaongea habari za usalama, hata wale ambao juzi tu walikuwa wananing'inia milangoni. Kwa hivyo cheo changu kilikuja wakati wake. Nilipewa overoli mpya iliyonipwaya, filimbi ya refa, na jukumu la kusimama kando ya lori la mafuta kila lilipokuja kushusha, nihakikishe hakuna tone linaloenda pasipofaa.

Sasa, tatizo kubwa la kazi yangu lilikuwa na jina lake kwenye kitambulisho, lakini mimi nililiita Mama tu.

Mama yangu mzazi alikuwa akipika nyuma ya kituo hicho hicho, upande wa pili wa ua wa mabati. Alikuwa pale kabla yangu. Alikuja na mafiga matatu, sufuria mbili na benchi moja, na kwa miaka mingi alilisha makanika, makanga wa matatu, madereva wa teksi na meneja mwenyewe, ambaye hangeweza kuanza siku bila chai ya mama na chapati iliyofungwa kwa gazeti. Kazi yenyewe niliipata kwa njia hiyo. Siku moja mama alimpakulia meneja githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akamwongezea parachichi ambalo hakuwa ameomba, akamwambia, "Niko na msichana nyumbani amemaliza shule, sasa anakula tu." Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshika pampu.

Jiko lile ndilo lililotulea. Tulikuwa tukiishi Kabiria, na kuanzia sare za shule mpaka godoro nililolalia, vyote vilitoka kwenye sufuria zile. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado sekondari. Mshahara wangu ulisaidia, ndiyo, lakini aliyebeba nyumba ni mama. Na wateja wake walikuwa pale, nyuma ya kituo, si kwingine. Mtu ambaye ameacha gari kwa makanika hatembei mbali kutafuta githeri.

Mwanzoni sikuona shida yoyote. Moto wake ulikuwa kwake, mafuta yetu yalikuwa kwetu, katikati kuna mabati. Kisha nikapelekwa Westlands kusomeshwa.

Ofisi kuu ya wenye mafuta ilikuwa huko, kwenye jumba la vioo, ghorofa ambayo lifti ilitufikisha kabla sijamaliza kuomba. Tulikuwa wafanyakazi kutoka vituo mbalimbali vya mjini, tumeketishwa kwenye viti vya kuzunguka, na mimi nilizunguka mpaka nikakatazwa. Mwalimu wetu alikuwa bwana mmoja mpole, mwenye tai na sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Aliinamisha sinia kubwa la bati juu ya meza, akamimina mafuta ya kupikia upande wa juu, yakaanza kuteremka polepole. "Haya," akaniuliza mimi, "hii ni petroli. Utafanya nini kwanza?"

"Nitapiga kelele," nikajibu.

Chumba kizima kilicheka. Yeye pia alicheka, lakini akatikisa kichwa. "Kelele itakuja. Kwanza funga pale yanapotoka. Ukianza kupangusa na koki iko wazi, utapangusa mpaka Krismasi. Ukishafunga, ondoa moto wote ulio karibu. Ndipo uzibe njia yanakoelekea, kwa mchanga, kwa udongo, kwa chochote."

Halafu akasema jambo lililoninyang'anya chakula cha mchana, na chakula chenyewe kilikuwa kuku. Alisema mvuke wa petroli haupandi juu kama mvuke wa chai. Ni mzito, unatambaa chini, unafuata mitaro na mabonde, hauonekani, na ukikutana na moto unawaka kurudi nyuma mpaka kwenye mafuta yenyewe. Mimi nikafikiria uwanja wetu. Saruji yetu iliinamia nyuma ili maji ya mvua yaondoke, na mtaro ulipita chini ya mabati, ukatokea hatua chache tu kutoka kwa mafiga ya mama. Nikasukuma sahani ya kuku. Jirani yangu akaila bila kuniuliza kama nimemaliza.

Nilirudi Corner nikiwa mhubiri. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akikoroga, kisha akawaambia makanika waliokuwa kwenye benchi, "Mnamsikia? Amekaa siku mbili Westlands, sasa anataka githeri iive kwa maombi."

"Mathe, si umwambie akuletee stima," mmoja akadakia, na benchi lote likaangua kicheko.

Niliwaka. Nikamwambia kwamba yeye ni mbishi, amekuwa mbishi tangu nizaliwe, na siku moja ubishi huo utatumaliza sote. Akaniuliza kama nataka parachichi. Nikasema nataka. Ndivyo tulivyokuwa tunagombana, mimi na mama.

Lakini haikuchukua muda mrefu mkaguzi akaja kutoka ofisi kuu. Huyu hakuwa yule mpole wa sinia. Huyu alikuwa na viatu vilivyong'aa na uso uliokunjamana kama shati lililotoka kwenye ndoo. Aliona moshi ukipaa nyuma ya mabati, akazunguka, akamkuta mama. Akarudi akamwambia meneja mbele yetu sote, "Sikiza. Lori likija kushusha, hapo nyuma hakuna moto. Siku nikisikia kulikuwa na moto na mafuta yanashushwa, hiyo jikoni inaondoka siku hiyo hiyo. Sitakuja kujadiliana."

Meneja, ambaye wakati huo alikuwa na makombo ya chapati kwenye masharubu, alisema ndiyo bwana, ndiyo bwana, kisha akanigeukia. "Umesikia. Hiyo ni kazi yako na mama yako."

Basi tukaweka utaratibu. Lori likikunja kona kuingia, mimi napuliza filimbi mara mbili. Mama akisikia, anazima. Lori likiondoka, napuliza mara moja, anawasha. Alikubali shingo upande. "Wewe niliyekubeba mgongoni leo unanipulizia filimbi kama mbwa," akasema, lakini alikubali, kwa maana alijua mkaguzi hatanii na mdogo wangu hajamaliza shule.

Na kweli alizima. Nilikuwa nachungulia kwenye pengo la mabati kabla ya kumruhusu dereva kufungua koki. Kuni zimetolewa, zimelazwa pembeni, ncha zimelowa maji. Katikati ya mafiga jivu tupu, la kijivu, limetulia, bila moshi hata kidogo. Naondoka nikiwa na amani. Lililonishangaza ni kwamba nikishapuliza ile filimbi ya mara moja, kabla hata lori halijaingia barabara ya Ngong, moto wa mama ulikuwa unalia tena chini ya sufuria. "Unawashaje haraka hivyo?" nilimuuliza siku moja. "Kwa mikono," akanijibu. Nikaona ni ufundi wa miaka mingi.

Upande wetu nasi tulikuwa na ufundi wetu. Kila tuliposikia kwamba watu wa ofisi kuu watatutembelea, meneja alinunua rangi. Tulipaka ukingo wa njia, tulipaka mawe, tulipaka shina la mti wa jirani bila kumuuliza. Meneja alikuwa na magurudumu ya zamani yaliyopangwa mstari mbele ya ofisi, yamejazwa udongo mwekundu na maua ambayo aliyamwagilia mwenyewe kila asubuhi akiyasemesha. Hayo nayo tuliyapaka meupe. Na tulipaka ndoo za mchanga. Zilikuwa ndoo nyekundu zilizotundikwa karibu na pampu, mchanga ndani, wa kumwagia mafuta yakimwagika. Paka wa mtaa walikuwa wamegundua mchanga ule na kuufanya choo, kwa hivyo meneja akaamuru ziwekwe vifuniko. Ziliwekwa, zikapakwa rangi. Mkaguzi mwingine akitajwa, zinapakwa tena, kifuniko na ndoo pamoja, tabaka juu ya tabaka. Zilipendeza mpaka wateja wakazisifu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, asubuhi imekwisha na mchana haujafika, jua la kiasi. Lori liliingia na petroli. Nikapuliza filimbi mara mbili. Nikapanga koni zangu, nikaona waya wa ardhini, ule wa kuzuia cheche, umefungwa, nikaenda kuchungulia kwenye mabati. Jivu limetulia. Sufuria ya githeri imeteremshwa, iko pembeni na kifuniko chake, na ya chai kando yake. Mama akanipungia mwiko. Kila kitu sawa.

Dereva alikuwa mtu wa maneno matamu, mmoja wa wale wanaokuita siz hata kama hamjuani. Alifunga mpira mkubwa kwenye lori na ncha nyingine kwenye mdomo wa tangi la chini ya ardhi, akafungua koki, akausikiliza, akaridhika. Kisha akanusa hewa.

"Siz, niangalilie kidogo. Naskia githeri ya mathe ikiniita."

"Hakuna kwenda popote. Unasimama hapa mpaka mwisho. Ndiyo sheria."

"Dakika moja tu, jameni. Nimetoka huko bila hata chai."

"Nimesema hapana!"

Akaenda. Ananitabasamia huku anatembea kinyumenyume, halafu huyoo, amepotea nyuma ya mabati. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia akirudi, na yalikuwa maneno mazuri, yamepangika, nilipoona tone pale mpira ulipoungana na lori. Tone moja, la pili, kisha uzi. Nikasogea kuangalia. Palikuwa pamefungwa kwa ukanda wa blada, ule mpira mweusi wa tyubu ambao Nairobi unafunga kila kitu kuanzia mizigo ya baiskeli mpaka miguu ya viti. Ukanda ukateleza mbele ya macho yangu. Mpira ukachomoka.

Woi! Sijawahi kuona petroli ikitoka namna ile. Nilikuwa nimezoea petroli ya pampu, yenye adabu. Hii iliruka, ikapiga saruji, ikanirukia miguuni, harufu ikanishika koo, na ikaanza kuteremka uwanjani kwa haraka kuelekea nyuma, kwa mama.

Nitasema ukweli wa moyo wangu. Miguu yangu iligeukia mabati. Kila kitu ndani yangu kilitaka kukimbia kule. Na hapo hapo nikaliona lile sinia la bati juu ya meza, na sauti ya yule bwana mpole: kwanza funga pale yanapotoka. Nikageuka. Nikajitupa kwenye koki ya lori, na petroli inanimiminikia begani, nikaivuta. Ilikuwa ngumu. Nikaivuta tena kwa mikono yote miwili na matusi ambayo sikujua ninayajua. Ikafunga. Ndipo kelele ikaja.

"Mama! Moto! Mama, petroli inakuja!"

Nilikuwa najua hakuna moto, nimechungulia mwenyewe, lakini ndivyo nilivyopiga kelele. Nikakimbilia pengo la mabati, nikamwona mama amesimama, ameshika mdomo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alichukua sufuria ya githeri, ile kubwa, ya wateja wa siku nzima, akaipindua yote juu ya jivu. Na lile jivu likalia! Likatoa sauti ya shhh, mvuke ukapanda, mahindi na maharagwe yakaruka huku na huko, na chini yake nikayaona makaa, mekundu, manene, yaliyokuwa yamejificha chini ya jivu yakiwa hai kabisa. Mama hakungoja. Akapindua na sufuria ya chai, maziwa na yote. Akamalizia na jagi la maji ya kunawa mikono. Dereva alikuwa kwenye benchi na sahani mapajani, amepakwa jivu kuanzia nywele mpaka viatu, kijiko bado kiko hewani.

Kumbe mama hakuwa akizima. Alikuwa akilaza moto. Alifanya kama alivyofanya bibi yetu nyumbani na kama wanavyofanya mama wengi, wanafukia makaa kwenye jivu jioni, asubuhi wanayafukua na kupuliza. Kwa mama huko ndiko kuzima. Moto umelala, haumsumbui mtu, kuna shida gani?

Lakini sikuwa na nafasi ya kugombana. "Zima stima!" nikamwita meneja, naye kwa mara ya kwanza maishani akanitii, akashusha swichi kubwa, pampu zote zikanyamaza. Mwenye Peugeot aliyekuwa akijaza alitaka kuwasha gari akimbie. "Usiwashe! Sukuma! Sukuma nimesema!" Akasukuma, tai shingoni. Wavulana wa pampu wakakimbilia ndoo za mchanga, wakavuta vifuniko, vikakataa. Wakavuta tena. Tabaka juu ya tabaka la rangi lilikuwa limeshika kifuniko na ndoo vikawa kitu kimoja. Mmoja alikaa chini, akaweka ndoo katikati ya miguu, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wapi! Akanyanyua nyundo na mimi nikamnyang'anya, maana cheche moja ingetupeleka sote mbinguni tukiwa na overoli.

Petroli ilikuwa imefika mtaroni. Nikaangaza macho huku na huku, nikaona maua ya meneja. Sikuomba ruhusa. Nikashika gurudumu la kwanza, nikalipindua, udongo mwekundu ukamwagika pamoja na maua. Wavulana wakaelewa. Tukabeba udongo kwa mikono, kwa karai, kwa kofia, tukaujaza mtaroni kabla ya mabati, tukaukanyaga. "Maua yangu!" meneja akalia mara moja tu, kisha akachukua gurudumu la pili akalipindua mwenyewe.

Watu nao walikuwa wameanza kuja na jerikeni. Sijui Nairobi inanusaje petroli ya bure. Mwanamke mmoja alikuja na birika. Mama alitoka nyuma ya mabati na mwiko mkononi, akasimama katikati ya njia, akasema anayetaka kuvuka avuke. Hakuna aliyevuka.

Mafuta yalisimama. Kiasi fulani kilikuwa kimepita kabla ya udongo, kikanywewa na ardhi ya upande wa mama, mpaka karibu na mafiga. Niliangalia ule ulowevu wa ardhi na ile githeri iliyolowa jivu, umbali kati yake ni kama urefu wa mtu mzima akilala. Nilikaa chini palepale nikanuka petroli na kulia, na mama akanipangusa uso kwa aproni yake huku akinigombeza kwamba nimeharibu overoli.

Watu wa ofisi kuu walifika mchana huo huo, kwa sababu meneja alikuwa na simu ya mkononi, ile kubwa kama kipande cha sabuni. Walikuja na glovu ndefu, mapipa na majembe. Saruji wakaimwagia unga fulani wa kunyonya. Udongo wa mtaroni wakauchimba. Kisha wakahamia upande wa mama, wakaanza kuchimba na huko, kwa kuwa udongo uliokunywa petroli haubaki, hata kama ni wa jikoni kwa mtu. Mama alikaa kwenye benchi akiwatazama wakichimba jiko lake na kulitia ndani ya pipa, jivu, githeri, kila kitu. Mafiga tu ndiyo waliyoyaweka kando.

Mkaguzi wa viatu vinavyong'aa alikuwepo. Akachuchumaa, akachukua kaa lililolowa kwa vidole viwili, akauliza, "Hapa palikuwa na moto?"

Mama akainuka kwenye benchi.

"Palikuwa na moto umelala," mama akajibu. "Mtoto wangu hakujua. Nilimfichia kwenye jivu."

Mkaguzi aliinuka. Alimpa kaa meneja, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu chake, akaenda zake. Jioni meneja akaniita ofisini. Hakuwa na furaha hata kidogo. "Lazima aondoke kesho," akasema. "Nimejaribu. Mwambie wewe. Mimi siwezi, nimekula kwake miaka yote hii."

Mimi pia sikuweza. Niliacha ile overoli kituoni, nikanawa, nikatembea mpaka Kabiria nikipanga maneno, nikafika nayo mlangoni yamekamilika, nikamkuta mama ameinama juu ya sufuria ya ugali akiimba wimbo wa kanisani, yakaniponyoka yote. Tukala. Mdogo wangu alitaka kusikia habari ya petroli toka mwanzo, na mama akamsimulia, akiigiza dereva na sahani yake, mpaka mtoto akapaliwa. Halafu akanigeukia.

"Nilikuona. Ulitaka kunikimbilia, ukageuka ukakimbilia lori."

"Ndivyo nilivyofundishwa, mama."

"Najua. Ungenikimbilia mimi tungekuwa hospitali sasa hivi, au pabaya zaidi." Akanimegea ugali mwingine. "Kula."

Nikala nikiangalia sahani. Nikasema moyoni nitamwambia asubuhi, na asubuhi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na yeye hayupo.

Nilikimbia mpaka Corner. Nilimkuta nyuma ya mabati, sufuria zimefungwa kwa leso, benchi limesimamishwa wima. Makanika walikuwa wamemzunguka wakimsihi, naye anawaambia kwa sauti ya juu amechoka na harufu ya petroli, inamharibia chai, ameamua mwenyewe kuhama, na atakayemfuata amfuate, asiyetaka akanunue mandazi.

"Mama," nikasema, "kuna kitu meneja—"

"Nimeshaambiwa."

"Na nani?"

"Na wewe. Jana umekula ugali mzima bila kuniangalia usoni. Shika hapo."

Nikashika sikio moja la sufuria kubwa, yeye akashika lingine, na mkono wa pili kila mmoja akabeba figa. Tulivuka barabara ya Ngong hivyo, mimi na overoli yangu ya zamani, saa za kazi, na meneja amesimama mlangoni anatuona. Makanga mmoja alitubebea benchi na figa la tatu. Ng'ambo ile kulikuwa na mafundi wa viti na vitanda, mbao zimepangwa, vumbi la msumeno limetapakaa chini, na baada yao kiwanja kidogo cha changarawe kando ya ukuta wa mawe. Wateja wake wote walikuwa nyuma yetu sasa, na magari kwenda na kurudi katikati. Nilihesabu moyoni nani atavuka kwa ajili ya githeri. Sikufika mbali.

Mama akatua sufuria. Akajinyoosha mgongo, akaziangalia mbao, akaliangalia lile vumbi, akaniangalia mimi. Huyu ni mwanamke ambaye sijawahi kumwambia jambo asibishe, hata saa akiulizwa ni saa ngapi.

"Haya, mtu wa usalama," akasema, na hakuwa anacheka. "Niambie. Moto niuweke wapi?"

Niliangalia upepo unakotoka. Niliangalia mbao, ukuta, mtaro, kituo chetu upande wa pili. Ilinichukua muda kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na sikuona vizuri. Mwishowe nikatembea mpaka kona ya mbali ya ukuta, pabaya kabisa kwa biashara, ambapo mpita njia hawezi kumwona, nikapigapiga chini kwa mguu.

"Hapa, mama."

Akaja, akainama, akaweka figa la kwanza palepale nilipokuwa nimekanyaga.